Usingizi Nao ni Sehemu ya Safari



Ndugu zetu wapendwa, katika tafakari ya juma hili tunaomba kuzungumza juu ya kundi la waamini ambalo ni nadra kulikuta katika mabenchi ya kanisa letu. Si kwamba wameipoteza imani, la hasha, bali siku ya Dominika mara nyingi huwakuta wakiwa Chalinze, Makambako, Tunduma, au ng'ambo ya mpaka kabisa. Hao ni madereva wa malori ya masafa marefu. Parokia yetu iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, barabara yenye urefu wa zaidi ya kilometa 900, na kila usiku tunasikia malori yakiunguruma mlimani: mengine yakipeleka mafuta, mbolea na mitambo Zambia na Kongo, mengine yakirudi na shaba kuelekea bandarini. Tumeizoea sauti hiyo mno, hata imekuwa kama haipo.

Mapema mwaka huu tulilazimika kuisikia upya. Mwanaparokia wetu mmoja, dereva wa miaka mingi, alikuwa amekubali kuwa msimamizi wa kijana wa jumuiya yake katika Sakramenti ya Kipaimara. Siku ya Alhamisi alitupigia simu kutoka Tunduma, akatueleza kwamba ametumia siku kadhaa katika foleni, kwamba karatasi za mzigo hazijakamilika bado, na kwamba amechoka. Sisi tulimjibu kwa uchangamfu: "Jitahidi, ndugu yetu. Baba Askofu anafika Jumamosi asubuhi, usituangushe." Naye akajibu kwa adabu yake ya siku zote: "Sawa, Baba Paroko, nitajitahidi."

Alijitahidi kweli. Karatasi zilikamilika Ijumaa jioni, akaondoka usiku huo huo. Saa kumi alfajiri lori lake lilitoka barabarani. Hapakuwa na mvua wala ukungu, breki hazikukatika, wala hakuna aliyempita vibaya. Alisinzia. Yeye aliumia mguu na mbavu. Utingo wake, kijana wa miaka 22, alifariki dunia papo hapo. Watoto wetu walipata Kipaimara asubuhi ile, na mchana tulikwenda hospitali tukiwa bado na harufu ya krisma mikononi.

Hatuyaandiki haya ili kumhukumu ndugu yetu, ambaye mwenyewe ameturuhusu kuyaeleza bila kumtaja jina. Tunayaandika kwa sababu neno "jitahidi" lilitoka kinywani mwetu, na tunaamini kwamba linatoka katika vinywa vingi: vya wenye magari, vya wenye mizigo, vya wake na watoto, na vya wachungaji pia. Jamii yetu imemzoea dereva anayekesha, tena humsifu kwa kumwita mwanaume. Maoni yetu ni kwamba sifa hiyo ni ya uongo. Usingizi wa dereva ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo usukani, na kila anayemsubiri ana wajibu wa kumwachia nafasi ya kulala. Basi, kutokana na mazungumzo marefu na madereva wa parokia yetu, pamoja na yale yanayofundishwa na wataalamu wa afya na usalama barabarani, tumekusanya mashauri machache ya kila siku.

Shauri la kwanza ni la usingizi wenyewe. Utafiti umeonesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huitikia mambo polepole kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu yake, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa kuendesha gari. Maana yake ni kwamba dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ifikapo saa nne usiku anaendesha kama aliyekunywa, hata kama hajaonja tone. Mwili wa binadamu, tena, una saa zake za udhaifu: kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kiasi kidogo kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba kwa sekunde nne tu, gari limekwisha kwenda karibu mita 90 bila dereva.

Dalili zake zinajulikana: miayo isiyokoma, macho kuwasha, gari kuyumba kwenye mstari, na ile iliyo mbaya kuliko zote, kutokumbuka kilometa chache zilizopita. Ndugu yetu alituambia kwamba dalili hiyo aliipata nusu saa kabla ya ajali, akaongeza sauti ya redio. Wapendwa, redio haiondoi usingizi. Dirisha lililofunguliwa, maji ya uso, pilipili, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa kimoja baada ya kingine huuchelewesha kwa muda mfupi tu. Mirungi, ambayo kwetu Tanzania ni kosa kisheria, humdanganya mtu kwamba yu macho huku akili ikiwa imechoka vilevile. Dawa ya usingizi ni moja: kulala.

Ikibidi kusubiri usingizi kamili, ipo huduma ya kwanza. Dereva asimame mahali salama, anywe kikombe cha kahawa, kisha alale kwa dakika 20. Kahawa huanza kufanya kazi vizuri baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo anapoamka hivyo viwili vinasaidiana. Akiamka asikimbilie usukani. Atembee kwa robo saa mpaka kichwa kitulie. Lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu, wala haichukui nafasi ya usingizi wa saa saba au nane. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria humtaka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku. Dereva wetu anaweza kujiwekea kanuni hiyo mwenyewe, hata asipokuwepo wa kumlazimisha.

Mahali pa kulala nako kuna hekima yake. Achague kituo mapema, kabla giza halijaingia, penye taa na penye madereva wenzake. Asisimame ukingoni mwa barabara, na asilale kamwe kivulini chini ya tela, hata jua liwe kali namna gani. Na mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mafinga na Makambako inapouma, asiingize jiko la mkaa ndani ya kichwa cha lori na kufunga vioo. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, na anayeivuta usingizini haamki.

Shauri la pili ni la gari. Kabla ya kuondoka, dereva alizunguke lori lake kwa miguu, taratibu, kama mkulima anavyozunguka shamba: aangalie upepo wa matairi, nati za magurudumu, taa za mbele na za nyuma ya tela, kamba na turubai. Atoe maji yaliyojikusanya katika matangi ya upepo wa breki. Aujue uzito wa mzigo wake, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo, na kila tani inayozidi ni moto unaoongezeka kwenye breki siku ya kushuka mlima.

Tumeutaja mlima, na anayeifahamu barabara hii anaifahamu Kitonga. Wazee wa usukani wana kanuni isiyochakaa: ushuke mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, na uiingize kabla mteremko haujaanza, si baada ya gari kushika kasi. Injini ndiyo ilizuie gari, breki zisaidie tu. Wapo wanaotoa gia na kuliacha lori lishuke lenyewe ili kuokoa dizeli. Ni hesabu mbaya. Injini za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya kanyagio la mafuta. Ukitoa gia, injini huendelea kunywa mafuta ili isizimike. Kwa hiyo mwenye kushuka bila gia anapoteza breki ya injini, wala haokoi hata hayo mafuta. Na breki zikianza kunuka, asimame mahali salama azisubiri zipoe zenyewe. Asizimwagie maji, kwani chuma chenye moto kikimwagiwa maji ya baridi hupasuka.

Shauri la tatu linahusu gari linapoharibika. Weka pembetatu zinazoakisi mwanga, hatua zisizopungua 50 nyuma ya gari, na mbali zaidi kama kuna kona au mteremko. Wengi wetu huweka matawi ya miti barabarani na mawe nyuma ya magurudumu. Hatuwalaumu, kwa kuwa mara nyingine ndicho kilichopo. Lakini gari likishatengenezwa, dereva huondoka na kuliacha jiwe pale pale katikati ya njia. Usiku huo anakuja mwendesha bodaboda, au basi lenye watu 60. Ndugu dereva, jiwe lililokuokoa wewe jioni linaweza kumwua mwenzako alfajiri. Kuliondoa ni kazi ya nusu dakika, nasi tunaithamini nusu dakika hiyo kuliko sadaka nyingi zinazoletwa altareni.

Barabara yetu hupita pia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50. Huko mwendo ni ule uliowekwa na hifadhi, usiku na mchana, kwani tembo au nyati haonekani upesi gizani, na atakayemgonga hataumia mnyama peke yake.

Hapa tunaomba kusema jambo na ninyi mlio nyumbani, hususan vijana wa vijiji vya kando ya barabara. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliofariki walikuwa zaidi ya 100. Mafuta yanayomwagika kutoka kwenye ajali si riziki. Dereva aliyesalimika awasihi watu wakae mbali, upande ambao upepo unatoka, bila sigara wala kuwasha chochote. Na sisi tukimkuta ndani ya gari amebanwa, tumtazame yeye kabla ya kuutazama mzigo wake. Mfano wa Msamaria mwema ulitokea barabarani, wapendwa, na waliopita kando walikuwa watu wa dini.

Shauri la nne ni la mwili. Madereva wengi hukwepa kunywa maji ili wasisimame kwenda haja. Figo na kibofu hulipa deni hilo baadaye. Kunywa maji kidogo kidogo, na kila usimamapo kukagua matairi, jinyooshe na utembee, kwani damu inayotuama miguuni kwa saa nyingi inaweza kuganda. Chipsi na nyama ya kukaanga usiku wa manane huleta usingizi na uzito; ndizi, karanga, machungwa na ugali wa kiasi kwa mboga za majani huleta nguvu kwa gharama ndogo. Pima shinikizo la damu na sukari walau mara mbili au tatu kwa mwaka, hata kama hujisikii mgonjwa.

Anayetumia dawa za kila siku, ziwe za shinikizo la damu, za sukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, achukue akiba ya siku maradufu ya zile anazotarajia kusafiri. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na kimesaidia, lakini mpaka ni mpaka. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Zambia ilipoufunga mpaka huo kwa muda, madereva walikwama bila kujua wataondoka lini. Hifadhi dawa pamoja na pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na kadi ya njano ya bima, ndani ya mfuko mmoja usiotoka mkononi.

Wala hatutajifanya hatujui upweke wa mipakani na vishawishi vyake. Anayekuwa mwaminifu kwa mke wake anailinda roho yake na damu ya nyumba yake. Lakini aliyeanguka asiongeze kosa la pili kwa kujificha. Aende kituo cha afya haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwani ipo dawa ya kuzuia maambukizi. Apime, na arudi nyumbani akiwa na ukweli. Mlango wa kitubio hauna foleni ndefu kama ya Kasumbalesa.

Shauri la mwisho si la dereva. Ni la kwetu sisi tunaomngoja. Mama, usimpigie baba watoto simu kila saa kumuuliza amefika wapi, mpangie naye muda, umwambie: "Ukisimama, nipigie." Mwenye gari, ukimlipa dereva kwa idadi ya safari peke yake, umemlipa ili asilale, na ukimtajia saa ya kufika badala ya siku ya kufika, umemwekea mtu mwingine kwenye usukani, naye anaitwa hofu. Tunajua biashara ina ushindani na benki haisubiri. Lakini lori moja lililopinduka hula faida ya safari nyingi, na uhai uliopotea hauna bima ya kuurudisha.

Mwezi Juni mwaka 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za waendesha vyombo vya moto. Tukiri kwamba wengi wetu tulitabasamu wakati ule, tukidhani Roma imekosa la kuandika. Sasa tumeelewa. Tumezoea kubariki magari, kunyunyiza maji ya baraka kwenye vioo, kugawa medali za Mtakatifu Kristofa. Hayo ni mema na tutaendelea nayo. Lakini rozari inayoning'inia kwenye kioo haikeshi badala ya dereva.

Kwa hiyo tumeiomba Halmashauri ya Walei ya parokia iruhusu uwanja ulio nyuma ya kanisa utumike usiku kwa malori yanayotaka kupumzika. Hatukukubaliana mara moja. Walikuwepo waliosema kwamba magari yataharibu uwanja, na kwamba tutakaribisha watu tusiowajua. Hoja hizo si za kupuuzwa, na ndiyo maana tumeanza na nafasi ya malori manne tu, pamoja na taa, choo, maji na mlinzi, bila malipo, bila kumuuliza mtu dini yake. Dereva atakayefika jioni atakuta pia Misa ya saa moja, lakini akipenda kulala, alale. Nasi tutapunguza sauti ya kengele ya alfajiri upande ule.

Ndugu yetu anatembea sasa kwa mkongojo. Dominika iliyopita alituomba twende naye kwa wazazi wa yule kijana, nasi tulikwenda. Mama yule hakutulaumu, jambo lililokuwa zito kuliko lawama. Aliuliza swali moja tu: "Kwani walikuwa wanawahi nini?" Ndugu yetu aliinamisha kichwa. Sisi ndio tuliopaswa kujibu, tukajibu: "Walikuwa wanatuwahi sisi, mama."

Wapendwa, juma hili kila mmoja wetu atazungumza kwa simu na mtu aliye safarini. Tunaomba tulifute lile neno letu la "jitahidi", na mahali pake tuseme: "Lala kwanza, tutakusubiri." Na tumsubiri kweli.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walio barabarani usiku huu. Hadi juma lijalo, Tumsifu Yesu Kristo.